Waliovuma Ubeti wa Tatu

Ulitazama pembeni. Usianze kutikisa kichwa. Ulikwenda kwenye kituo cha kura kwa miguu yako, ukachovya kidole kwenye wino, ukarudi nyumbani ukikipuliza kikauke, na ulijua. Ulikuwa umewasikia jukwaani wakisema nchi hii ina wenyewe. Ukasema hayo ni maneno ya kampeni, wakishapata watatulia. Walipoanza kuvaa beji yenye picha ya mlango, ukasema kila chama kina alama yake. Gazeti lililokuwa likiwasema lilipofungiwa, ukasema lile nalo lilizidi umbea. Jaji aliyewakatalia alipostaafishwa, ukasema mzee wa watu alichoka, aachwe apumzike. Kila mara ulikuwa na neno la kujitulizia, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni kabla hujaulizwa. Basi leo kaa chini usikie habari ya wanawake wawili waliokuwa wakikunja mashuka. Uliyalalia mashuka yao ulipougua, na hukuwahi kuuliza yamekunjwa na nani.

Dobi la hospitali kuu lilikuwa nyuma kabisa, ukishapita jiko na chumba cha maiti, jengo la bati lenye bomba refu la moshi. Ndani mlikuwa na joto la kuvua ngozi. Mashuka yalishuka kutoka wodini kwenye matoroli, yamebeba kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kumwaga. Yakaingia kwenye mashine za kufulia zenye vioo vya mviringo, yakapita kati ya yale mapipa mawili ya chuma ya moto yanayokausha na kupiga pasi kwa pamoja, yakatokea upande wa pili yakiwa meupe na ya vuguvugu. Mwisho wa safari ilikuwa meza ndefu, na kwenye meza hiyo walisimama Bi Pasi na Chiriku.

Bi Pasi alipewa jina hilo kwa sababu hakuvumilia mkunjo. Gauni lake la kazi lilinyooka, kitambaa chake cha kichwani kilinyooka, hata maneno yake aliyanyoosha kwanza ndipo akayatoa. Chiriku alipewa lake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho cha dobi zima, maana Chiriku alikuwa mtu wa dini ya Wanyamavu, wale wanaokaa na Mungu wao wamefumba midomo, bila wimbo, bila sala ya sauti, bila hata kuguna. Wenzake walimwambia kwamba kwa jinsi anavyoongea siku nzima, Mungu wao akimwona ameingia kuabudu lazima anashukuru kupata mapumziko. Chiriku mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha, kila mtu zake, mnarudi nyuma hadi linyooke, mnalikung'uta mara moja kwa kishindo, kisha mnatembea kuelekeana hadi vidole vikutane. Mmoja anampa mwenzake ncha zake, anainama kuokota pindo jipya, mnaachana tena, mnakutana tena. Mkiwa mbali, kelele za mashine hazikuachii usikie hata jina lako. Kwa hiyo Chiriku alikuwa na mtindo wake wa kusimulia: sentensi moja kila wanapokutana. Habari ya jirani yake aliyemfumania mumewe ilichukua toroli zima. Alikuwa akimwacha Bi Pasi kwenye "basi akafungua mlango, na unajua alimkuta nani?" halafu anarudi nyuma na ncha zake, macho yanacheka, na Bi Pasi inambidi angoje shuka linyooke, likung'utwe, ndipo arudishiwe huyo nani. Walikunja hivyo tangu wote wawili wakiwa wasichana wa kuajiriwa juzi. Walizikiana wazazi, waliuguzana, walinuniana wakapatana.

Chiriku alikuwa na binti mmoja, mgonjwa wa selimundu. Maumivu yakimpata, mifupa inakuwa kama inavunjwa, na anatakiwa alazwe upesi, awekewe maji, apewe dawa. Mtoto wa mfanyakazi alitibiwa pale pale hospitali kwa kitambulisho cha mzazi, na kitambulisho hicho ndicho kilichomweka hai. Shuka la binti lilikuwa na uzi wa buluu kwenye pindo, kifundo kidogo ambacho Chiriku alikishona kwa siri. Bi Pasi alikijua, na muuguzi wa wodi ya watoto pia, na binti akilazwa muuguzi alimtandikia lile. Yaani mama yuko chini kwenye mvuke, lakini kuna kitu cha mkono wake kitandani. Binti alimwita Bi Pasi mama mkubwa, na mara nyingi alimuuliza kwa nini mashuka ya nyumbani hayanukii kama yale.

Sasa usidhani Bi Pasi alikuwa mtu mbaya. Aliwapigia kura, ndiyo, na aliwapigia akilia kwa furaha. Siku moja kabla ya uchaguzi alimwona yule kiongozi wao kwenye televisheni amepiga magoti uwanjani, anasali Sala ya Mlango. Sala ile Bi Pasi alifundishwa na mama yake jikoni, ubeti kwa ubeti, mama anapepeta, yeye anarudia, kabla hajawa na umri wa kwenda kusali na wenzake. Kumsikia mtu mkubwa akiisema mbele ya taifa zima kulimgusa pale ambapo barabara na maji na ahadi nyingine zote hazikuwahi kumgusa. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alisema hatimaye tumepata mtu anayemjua Mungu. Naye akasema na iwe hivyo. Ndivyo walivyokupata hata wewe. Walichukua kitu ulichopewa na mama yako wakakitia mfukoni mwao, na tangu siku hiyo kuwapinga wao ikawa kama kumpinga mama yako.

Chama kiliposhinda, hospitali ililetewa Mlezi wa Maadili. Alikuwa kijana wa shati safi na sauti ya upole, aliyewaita wote mama zangu na kuwasaidia kusukuma matoroli. Akaomba, kwa adabu kabisa, kwamba kabla ya zamu wale wanaopenda wakutane kati ya mashine waseme Sala ya Mlango kwa ajili ya nchi. Wanaopenda tu. Chiriku na wengine wawili watatu wakabaki kwenye meza, hakuna aliyewagusa. Baadaye ikaonekana si adabu mtu akae anachezea mashuka wenzake wakisali, wasiosali wangoje nje. Wakangoja nje. Mvua ilipoanza wakangoja kwenye mvua, maana mlango ulifungwa ili upepo usisumbue ibada. Mmoja akaacha kazi, mwingine akahamishiwa usafi wa mitaro. Msimamizi wa dobi, mzee aliyekuwa akihesabu pumzi hadi kustaafu, kila aliposemeshwa juu ya jambo hilo alivua miwani akaifuta.

Na vile vichekesho vikabadilika. Zamani walimtania Chiriku wakacheka naye. Kisha wakawa wanatania, anacheka peke yake. Kisha wakawa hawatanii tena mpaka atoke. Siku moja kikombe chake cha chai kilikutwa kimetolewa kwenye meza ya vikombe, kimewekwa dirishani, peke yake, karibu na sumu ya panya. Chiriku aliuliza nani kakihamisha. Kila mtu alikuwa ana shughuli. Bi Pasi alikiona kikombe kile, akasema moyoni kwamba atakirudisha kesho, watu wakiwa hawapo. Hakukirudisha.

Halafu Mlezi akatangaza kwamba kuanzia wiki inayofuata hakutakuwa na kungoja nje. Asiyeingia na sala asiingie na zamu.

Siku ile Chiriku alikunja bila hadithi. Toroli zima likaisha, wakikutana anatazama ncha za vidole vyake. Mwishowe Bi Pasi ndiye aliyeanza.

"Sema tu hiyo sala, mwenzangu. Maneno ni maneno."

Shuka likawatenganisha, likawarudisha.

"Kwetu mdomo hauombi," Chiriku akasema. "Ukitia sauti ni kama unamwambia Mungu ni kiziwi."

Likawatenganisha tena. Bi Pasi alikuwa na muda wa kunyoosha jibu lake kabla hawajakutana.

"Atakuelewa. Binti akishikwa usiku huu, utampeleka wapi?"

Mashuka mawili zaidi yakakunjwa. Kwenye shuka la mwisho la toroli, Chiriku alipopokea ncha, hakuviachia vidole vya mwenzake.

"Basi nifundishe," akasema. "Lakini nifundishe vizuri. Nisije nikajikwaa mbele ya yule kijana."

Na Bi Pasi alimfundisha vizuri, ole wake. Alimfundisha jinsi alivyofundishwa. Mstari mmoja kila walipokutana, uso kwa uso, mvuke katikati yao, na hakuna aliyesikia, maana mashine zilikuwa zinanguruma na kila mtu alishazoea kuwaona wale wawili wakinong'onezana. Chiriku alirudia mstari akirudi nyuma, midomo ikicheza, akiurudisha mzima walipokutana. Akikosea, Bi Pasi alitikisa kichwa kidogo na kumpa upya. Ubeti wa kwanza, wa pili. Taratibu utani wake ukarudi. Alisema sala yenu ndefu kama foleni ya dawa, Mungu wenu ana muda. Alisema akimaliza hii atadai apandishwe cheo awe Mlezi.

Wakafika ubeti wa tatu. Ubeti ule ulikuwa wa Kiswahili cha kale, mgumu kutamka, lakini Bi Pasi aliupenda kuliko yote na alimpa kwa uangalifu, neno kwa neno, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. *Na aliyekuja usiku ukamfungulia, kukipambazuka usimwulize katoka wapi. Dari si lako, kizingiti si chako. Ulikabidhiwa ufunguo, hukukabidhiwa nyumba.*

Chiriku aliurudia mzima bila kosa. Wakarudi nyuma, wakakung'uta, wakakutana.

"Huu mzuri," akasema. "Huu hata mimi ningeuomba. Kimoyomoyo."

Wakaachana. Wakakutana.

"Sasa watu wenye ubeti kama huu, mbona wanatufanya hivi?"

Bi Pasi akachukua ncha zake akarudi nyuma nazo, akashukuru kwamba shuka lilikuwa refu. Lilipowakutanisha tena, alianza kumfundisha ubeti wa nne.

Asubuhi ile ya kwanza walipangwa mistari kati ya mashine, nazo zilikuwa zimezimwa. Dobi bila mashine lilikuwa geni, ungesikia bomba likidondosha tone. Mlezi alisimama mbele karibu na toroli tupu, akawatazama, macho yakasimama kwa Chiriku, akatabasamu kwa furaha ya kweli, maana watu kama yeye hufurahi kweli. Akasema leo tumetimia. Msimamizi alisimama nyuma. Chiriku alikuwa bega kwa bega na Bi Pasi. Alifumba macho. Bi Pasi aliona ngozi ya shingo yake ikipanda na kushuka, na akajua huyu mtu anafanya kitu ambacho bibi yake na bibi wa bibi yake hawakuwahi kukifanya, na anakifanya kwa ajili ya mtoto.

Ubeti wa kwanza walipasua bati kwa sauti. Wa pili vile vile, na sauti ya Chiriku ilikuwa mle ndani na za wengine, haionekani, kama uzi katika nguo. Bi Pasi akaanza kupumua.

Kisha ubeti wa tatu ukaanza, na midomo yote mle ndani ikafungwa.

Wakavuma. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, tangu watu wa sasa hawajazaliwa. Ubeti ule mgumu, wa maneno ya kale, zamani kiongozi aliusema peke yake waumini wakivuma chini kwa chini kama nyuki. Viongozi nao wakausahau wakavuma, na watoto wakazaliwa wakakuta watu wazima wanavuma, wakadhani ndiyo sala yenyewe. Hakuna aliyeufundisha tena isipokuwa mama wachache majikoni. Hakuna aliyejua kwamba anavuma. Muulize yeyote mle ndani, angekuapia kwamba anaisema yote.

Katikati ya mvumo ule ikatoka sauti moja, nyororo, safi, ya mtu aliyefumba macho. *Na aliyekuja usiku ukamfungulia.*

Bi Pasi alisikia kitu kikitetemeka kooni mwake. Alichelewa kukitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Naye alikuwa anavuma. Maisha yake yote, kila aliposimama na wenzake, alifika hapo akafunga mdomo kama wao na hakuwahi kujua. Jikoni kwa mama yake aliusema. Akiwa peke yake aliusema. Kwa Chiriku, uso kwa uso, aliusema. Mbele ya watu hakuwahi kuusema hata siku moja.

Muda ulikuwepo. Ubeti ule ni mrefu. Kulikuwa na dari, kulikuwa na kizingiti, kulikuwa na ufunguo, na kwenye lolote kati ya hayo angeweza kufungua mdomo akaingia, wakawa wawili, na wawili wangeonekana ni wachamungu waliozidi. Midomo yake ilikuwa kama imepigwa mshono. Chiriku alitembea peke yake hadi mwisho wa ubeti, hakuruka neno.

Mvumo ulikatika vipande vipande, vichwa vikageuka. Chiriku akafumbua macho. Na mtu wa kwanza aliyemtazama alikuwa Bi Pasi. Hakumtazama kwa lawama, hakuwa amejua bado. Alimtazama kama mwanafunzi anayetaka kujua kama amefaulu.

Ubeti wa nne haukusemwa. Mlezi alikuja taratibu kati ya mistari, bado anatabasamu, lakini tabasamu limebaki kwenye meno tu.

"Mama yangu, nani alikufundisha hiyo?"

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa. Aliona nyuso, aliona mikono ya Bi Pasi imeshikana mbele ya gauni. Akaiacha mikono ile, akamgeukia kijana.

"Nilijifunza mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nasikia kwa majirani."

"Wenyewe hawausemi hivyo."

"Sasa nimejua."

Mlezi alieleza, kwa ile sauti ya upole, kwamba asiyesali anaweza kuvumiliwa, amepotea tu, lakini anayeigiza sala ya taifa ameingia nyumbani kwa watu kwa ufunguo wa kuchonga. Hakuna aliyecheka wala kushangaa kwamba alitaja ufunguo. Kitambulisho cha Chiriku kilivuliwa shingoni pale pale. Msimamizi akafuta miwani. Chiriku alikwenda dirishani, akachukua kikombe chake, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Alipopita karibu na Bi Pasi alipunguza mwendo kidogo, pale pale ambapo kwa kawaida wangekutana, ambapo sentensi ingetoka. Bi Pasi alitazama sakafu. Mashine zikawashwa.

Nyumbani, mumewe alikuwa ameshazisikia habari. Alisema Chiriku amejitakia, angebaki kimya kama dini yake inavyomtaka, akacheka peke yake. Kisha akamtazama mkewe akiokota nguo zilizoanikwa, akamuuliza kama kweli yule mwanamke alijifunza kwa majirani. Bi Pasi alisema hajui. Alilipiga pasi shati la mumewe, beji ya mlango ikiwa kifuani, akaizunguka beji kwa ncha ya pasi kwa uangalifu, asiiunguze.

Akapewa mwenzake mpya mezani, msichana mwepesi, mwenye beji, aliyekunja vizuri na hakusema lolote. Mikono ya Bi Pasi ilifanya kazi. Mwili ndio uliokataa kusahau: kila walipokutana, shingo yake ilijisogeza mbele kidogo, sikio likingoja, halafu linarudi bila kitu.

Alijiambia atakwenda kumwona Chiriku. Mwisho wa juma. Mambo yakipoa. Unayajua maneno hayo, ni yako.

Siku moja shuka likatoka kwenye mapipa ya moto, akashika ncha zake, na kidole gumba kikakutana na kifundo cha uzi. Alilivuta pindo kwenye mwanga. Buluu. Shuka lile lilikuwa limekaa kwenye rafu ya wodi ya watoto tangu Chiriku aondoke, na sasa limetumika. Maana yake binti amelazwa. Wamempokea. Bi Pasi aliachia ncha, shuka likaanguka kwenye sakafu yenye maji, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe, akapanda ngazi za wodi na gauni lake la dobi, ingawa watu wa dobi hawakuruhusiwa kupanda.

Kwenye kitanda alichozoea kulazwa binti alikuwa mtoto mwingine, mvulana wa mguu uliovunjika, anakula chungwa.

Muuguzi alimvuta pembeni, nyuma ya kabati la dawa. Alisema amelitoa lile shuka kwa sababu mashuka yalipungua, lilikuwa limekaa tu. Alisema binti aliletwa, ndiyo, muda sasa, mama yake kambeba mgongoni, anapiga kelele za maumivu ambazo zilisikika hadi juu. Getini wakataka kitambulisho. Wakamwelekeza dirisha la watu wa kawaida, na dirishani siku hizi wanakuuliza kwanza sala ya nyumbani kwenu, ndipo wakuandike. Mama yake akasema ukweli. Wakaambiwa wakae benchi. Walikaa jua likawapata, likawapita. Baadaye muuguzi alipochungulia tena kupitia dirisha la wodi, benchi lilikuwa tupu.

"Na wewe ulichungulia tu?" Bi Pasi akamuuliza.

Muuguzi hakukasirika. "Nilikuwa zamu, mama. Na wewe siku ile si ulikuwa umesimama naye bega kwa bega?"

Alikwenda nyumbani kwa Chiriku akitoka hapo hapo, bila kubadili nguo. Mlango ulikuwa na kufuli. Mapazia yaliyoshonwa kwa mashuka chakavu ya hospitali, ambayo Bi Pasi mwenyewe alimsaidia kuyakata, yalikuwa yametolewa, na ndani kwa kupitia kioo palionekana sakafu iliyofagiwa. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anaosha vyombo uani, akamtazama lile gauni, akaendelea kuosha huku akisema naye. Binti alifia mle ndani, alisema. Hakukuwa na kilio, wale watu hawalii kwa sauti, wewe ungepita nje usingejua kuna msiba. Walimzika wao kwa wao, wachache, wamenyamaza. Mama yake akafagia nyumba ya watu, akarudisha ufunguo, akaenda kwa kaka yake, mbali, hakusema wapi. Majirani walikuwa na nia ya kwenda kutoa pole, ila kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake atangulie.

Bi Pasi alisimama pale. Alitaka kulia, na kilichotoka kooni kilikuwa ule mvumo. Akaziba mdomo kwa mkono.

Asubuhi iliyofuata walipangwa mistari. Mashine zilizimwa, bomba likadondosha tone. Ubeti wa kwanza ukapasua bati. Wa pili. Midomo ikafungwa, nyuki wakaanza. Na Bi Pasi akaufungua wake.

*Na aliyekuja usiku ukamfungulia.*

Sauti yake ilikwaruza, haikuwa nyororo kama ile nyingine. Ingekuwa hadithi ya kukufurahisha, ungesikia hapa kwamba mwingine alijiunga, kisha mwingine, hadi dobi zima likasema. Hawakujiunga. Walikuwa wakimjua, ni mmoja wao, mama yake alisali na mama za nusu yao. Walivuma kwa nguvu zaidi. Walivuma wakimtazama usoni, mishipa ya shingo imewasimama, wanajaribu kumfunika kwa sauti ya kitu ambacho hata hakina maneno. Mlezi hakumkaribia. Aliinua kiganja chake tu, taratibu, kama mtu anayepandisha moto wa jiko, na mvumo ukapanda. Yule msichana wa mezani alivuma machozi yakimtoka. Msimamizi alivuma, miwani mkononi.

Bi Pasi alifika kwenye dari. Akafika kwenye kizingiti. Hakuna aliyemsikia, hata yeye hakujisikia tena, lakini aliendelea kulitamka kila neno kama alivyolipokea jikoni na kama alivyolikabidhi mezani, hadi kwenye ufunguo, hadi kwenye nyumba. Kisha akavua kitambulisho chake mwenyewe shingoni, akaikunja kamba yake vizuri, kingo kwa kingo, akakiweka mezani. Akatoka. Hakujua aendako, na binti wa Chiriku hakurudi kwa sababu hiyo. Alikuwa amechelewa. Aliusema ubeti mzima siku ambayo ungemsaidia yeye tu kulala usiku, wakati kulikuwa na siku ambayo nusu yake ingetosha kumwokoa mtoto.

Wewe je? Unausikia huo mvumo? Usitafute mashine, mashine zimezimwa. Ni wewe. Unavuma unaposema siasa si yangu. Unavuma unaposema ngoja tuone. Mahali unapofanya kazi, kuna kikombe kimehamishiwa dirishani, na unakijua ni cha nani. Usiniambie kesho, watu wakiwa hawapo. Inuka sasa hivi, watu wakiwepo, wakikuona, ukakirudishe mezani. Kisha kamgongee mwenyewe mlango, hodi ya kusikika, kabla hajafagia nyumba akarudisha ufunguo. Na watakapokupanga mstari, usisubiri sauti ya pili. Wewe ndiye sauti ya pili. Fungua mdomo.